Saa inasema nimelala, mwili unakataa: je, namba hizi zinaweza kumsaidia daktari kunitibu sonona?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina miaka 36 na watoto wawili. Mapema mwaka huu niliambiwa nina sonona, alama zangu kwenye PHQ-9, lile dodoso la kupima sonona, zikiwa 17. Nimetumia dawa ya fluoksetini miezi minne. Nafuu nimeipata, sasa nina alama 11, lakini usingizi haujarudi. Kaka yangu aliyeko Maskati alinitumia saa janja. Kila asubuhi inaniambia nimelala masaa sita na dakika kadhaa, wakati mimi najua nimekesha nikisikiliza majogoo. Nani mwongo? Nilipomwonyesha daktari wa kliniki alicheka, akasema hayo ni mambo ya vijana. Mume wangu naye amepata la kusema: "Saa yenyewe inaonyesha unalala, basi huumwi." Nimesoma kwamba siku hizi vipimo vya usingizi na hatua vinatumika kumpangia kila mgonjwa wa sonona tiba yake. Ni kweli? Nakutumia picha za wiki mbili, pamoja na daftari ninaloandika hali ya moyo kila jioni, kuanzia sifuri hadi kumi.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa miezi yote hiyo, na asante kwa daftari. Nimelisoma mara mbili, na humo ndimo nilimopata mengi kuliko kwenye picha za saa.

Nianze na mumeo, maana hapo ndipo barua yako iliponichoma. Mwite mkae, msome aya hii pamoja. Saa ile haimwoni mtu akilala. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachojua mkono ukisogea, na taa ya kijani inayomulika ngozi ili kufuatisha mapigo ya moyo. Mkono ukitulia na mapigo yakipungua, programu inakisia kwamba huyu kalala. Sasa wewe umeandika, usiku wa Jumanne, kwamba ulilala chali tangu saa tisa mpaka adhana bila kujigeuza, ili usimwamshe mtoto aliyekuwa ubavuni. Kwa saa, muda wote huo ulikuwa usingizini. Vifaa vyote vya namna hii vina udhaifu huo: ni hodari wa kutambua usingizi, na ni dhaifu wa kumtambua mtu aliyetulia gizani huku macho yakiwa makavu. Wanaotaka kujua kwa uhakika humlaza mtu kwenye maabara ya usingizi, wakambandika nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni, wakausoma umeme wa ubongo usiku kucha. Kinachovaliwa mkononi hakifiki huko. Vile viasilimia vya "usingizi mzito" na "usingizi wa ndoto" inavyokuchorea kwa rangi, wewe viache kabisa.

Na hata kama ungelala masaa tisa, bado ungeweza kuwa mgonjwa. Wapo watu, hasa vijana, ambao sonona huwajia kwa kulala mno, mtu akaamka saa sita mchana akiwa amechoka kuliko alivyolala. Ugonjwa huu hautolewi hukumu kwa saa za kitandani.

Lakini nawe nikwambie ukweli, mwalimu. Mtu anayekosa usingizi mara nyingi hulala zaidi kidogo ya anavyodhani. Vile vipande vifupi vya usingizi katikati ya kukesha havibaki kwenye kumbukumbu. Kinachobaki ni majogoo. Kwa hiyo hapa mwongo hayupo. Saa imezidisha, nawe huenda umepunguza. Kwa daftari lako mimi nakukadiria kama masaa matano.

Sasa swali lako kubwa. Ndiyo, watafiti wanalifanyia kazi, na wana sababu nzuri. Dawa ya kwanza ya sonona haimponyi kila mtu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006, ulioandikisha watu wapatao 4,000, ulionyesha kwamba dawa ya kwanza huwafikisha kwenye kupona kabisa karibu theluthi moja tu. Waliobaki hujaribiwa hiki, kisha kile, na kila jaribio ni wiki kadhaa za maisha ya mtu. Ndipo wakajiuliza kama kitu kinachopima mwendo wa mtu kila siku kinaweza kufupisha safari hiyo.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego walitoa matokeo ya watu 14 wenye sonona. Walivaa saa kwa mwezi mzima na kujibu maswali ya hali ya moyo kwa simu mara kadhaa kwa siku. Watu 14 ni wachache, lakini kilichopatikana kinaafiki ninachokiona kliniki: yaliyokwenda sambamba na huzuni ya mmoja siyo yaliyokwenda sambamba na huzuni ya mwenzake. Kwa huyu ulikuwa usingizi, kwa yule kutembea, kwa mwingine wasiwasi. Mwaka huohuo, watafiti wa Michigan, Marekani, waliwafuatilia madaktari zaidi ya 2,000 walioanza mafunzo ya kazi. Waliokuwa wakilala na kuamka kwa saa zinazorukaruka walikuwa na alama za juu zaidi kwenye PHQ-9, dodoso hilohilo ulilojaza wewe. Tumezoea kuulizana "umelala masaa mangapi?" Siku hizi mimi kwanza huuliza, "uliamka saa ngapi, na jana je, na Jumapili je?"

Mpaka leo, hata hivyo, hakuna saa inayoweza kumwambia daktari ampe mtu dawa ipi. Anayekuuzia programu kwa ahadi hiyo anakudanganya. Kinachowezekana ni kidogo kuliko hicho, na kwa maoni yangu kina faida zaidi: kuona mahali tiba uliyo nayo inapokwama, na kupata pa kuanzia.

Nikupe mfano. Zamani kidogo nilikuwa na mgonjwa mvuvi wa dagaa, mtu wa makamo (nimebadilisha mambo machache asitambulike). Nilimpa amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, anywe usiku, maana inaleta usingizi. Wiki sita zikapita, leo nafuu, kesho hakuna. Nikaandika kwamba dawa haijamfaa, nikawa tayari kuibadilisha. Kabla sijabadilisha nikamwomba arudi na karatasi yenye siku 28 na vitu viwili tu: saa ya kulala na saa ya kuamka. Aliporudi nikaona kosa langu. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mashua hukaa pwani. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu ya mwezi alikuwa analala mchana na kukesha baharini, na usiku wa kazi alikuwa haimezi dawa kabisa, akiogopa kusinzia akaanguka majini. Alikuwa na akili kuliko mimi. Dawa haikuwa imeshindwa. Ilikuwa inanywewa nusu mwezi. Tulipanga upya saa za dawa na saa za kulala tukifuata mwezi wake yeye, na hapo ndipo tiba ilipoanza kweli. Kifaa kilichotuonyesha hayo kilikuwa kalamu.

Turudi kwako. Nimeweka picha zako na daftari lako sambamba, siku kwa siku.

Jumatatu hadi Ijumaa unaingia kitandani saa tatu usiku, watoto wakishalala, "kwa sababu hakuna la kufanya", umeandika. Unapata usingizi karibu saa tano. Saa kumi alfajiri macho yamefunguka, na unainuka saa kumi na moja na nusu kuwahi shule. Maana yake uko kitandani masaa manane na nusu, na umelala matano, chini ya asilimia 60. Masaa matatu na nusu kila usiku umejilaza macho ukiwaza, na kitanda chako kimeshajifunza kuwa mahali pa kuwazia.

Jumamosi na Jumapili ni hadithi nyingine. Unainuka saa tatu na nusu, Jumapili saa nne asubuhi. Siku za shule saa inahesabu hatua 6,500 mpaka 8,000, kwa kusimama darasani, kupanda ngazi za ofisi, kushuka kwenda kituoni. Jumamosi hatua 1,100, Jumapili 740. Nikazitazama alama za moyo. Jumanne mpaka Alhamisi 5 na 6, Jumapili 3, Jumatatu 2. Wiki zote mbili.

Kisha nikatazama usiku wako mbaya kuliko yote, Jumatano ya wiki ya kwanza, ambapo hata saa ilikubali kwamba ulilala masaa manne na dakika hamsini. Alhamisi yake? Umejipa 6, na pembeni umeandika, "tulicheka sana na Form Two." Umekuwa ukiamini kwamba usiku mbovu ndio unaoiharibu siku yako. Daftari lako linasema siku zako zinaharibika Jumamosi na Jumapili, ukiwa ndani, umefunga pazia, na hujaonana na mtu nje ya nyumba.

Nisikimbie, lakini. Wiki mbili zina Jumapili mbili tu. Inawezekana kwamba huzuni ndiyo inayokufungia ndani, wala si kufungiwa kunakoleta huzuni, na mara nyingi vyote viwili hulishana. Hatuwezi kujua kwa kutazama namba. Tutajua kwa kubadilisha kitu kimoja na kungoja. Kimoja, mwalimu. Ukibadilisha matatu siku moja ukapata nafuu, hutajua kipi kilikusaidia, na siku kitakapolegea hutajua urudie kipi.

Lipo jambo dogo la kwanza, ambalo ni la kumwuliza daktari wako. Kwenye daftari kuna "dawa saa 2 usiku". Fluoksetini huwachangamsha baadhi ya watu na kuwafukuzia usingizi, ndiyo maana kwa kawaida tunaitoa asubuhi. Hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kuhamisha saa hakumsaidii kila mtu, lakini hakugharimu kitu. Muulize kama unaweza kuimeza baada ya chai ya asubuhi, na jinsi ya kuhama. Usiiache na usipunguze.

Halafu, kwa wiki mbili, shughulikia kitanda. Usiingie kabla ya saa tano usiku, hata kama umechoka. Inuka saa kumi na moja na nusu kila siku, na Jumapili imo ndani ya "kila siku". Hapo ndipo penye uzito wote. Saa ya mwili hupangwa upya na mwanga wa asubuhi, na Jumapili moja ya kuamka saa nne inamvuruga mtu kama vile amesafiri kwenda nchi ya mbali na kurudi Jumatatu. Ukishtuka usiku na usingizi ukagoma, toka kitandani, kaa kwenye kiti cha sebuleni kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikuita. Wiki ya kwanza utasinzia mchana, vumilia, na kama unaendesha pikipiki, wiki hiyo panda daladala. Muda unaolala ukifika asilimia 85 ya muda ulio kitandani, ongeza robo saa: ingia saa tano kasorobo. Usishuke chini ya masaa matano na nusu kitandani hata siku moja. Na mwenye kifafa, au aliyewahi kupata kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, asijaribu hili bila daktari wake, maana kupunguza usingizi kunaweza kuuamsha ugonjwa wake.

Tiba hii ina majaribio nyuma yake. Mwaka 2008, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watu 30 wenye sonona na ukosefu wa usingizi kwa pamoja walipewa dawa ileile. Nusu yao wakaongezewa tiba hii ya usingizi. Kati ya hao, asilimia 62 hivi walipona sonona, dhidi ya asilimia 33 ya wenzao. Nilipousoma nilifurahi mno. Ukaja mwingine mwaka 2016, wa watu 150: usingizi ulitengemaa zaidi kwa waliopata tiba hiyo, lakini kwenye sonona yenyewe tofauti haikuthibitika. Ndiyo maana nakuahidi usingizi kwa ujasiri zaidi kuliko ninavyokuahidi moyo.

Moyo tutaufuata Jumapili. Hilo ni la wiki ya tatu na ya nne. Chagua jambo moja la asubuhi, nje ya nyumba, lenye mtu mwingine ndani yake, nalo liandikwe kabla kama kipindi kwenye ratiba ya shule: saa tatu, sokoni Ngamiani na dada yako, au ibada, au kumtembelea yule mwalimu mwenzako uliyemtaja. Usingoje hamu ije. Katika sonona hamu huja nyuma ya tendo, na wapo wanaotibiwa kwa njia hii pekee. Uingereza walishindanisha tiba hii ya kurudisha shughuli na tiba ya mazungumzo iliyozoeleka zaidi, kwa watu wazima 440, matokeo yakatolewa mwaka 2016. Haikuzidiwa, ingawa ilitolewa na wahudumu wasio wanasaikolojia waliobobea, na gharama ilikuwa ndogo. Hapa ndipo hatua za saa yako zinapofaa. Sizitaki zifike elfu kumi. Nataka nione kama Jumapili ya 740 ikiwa ya 3,000, Jumatatu ya 2 inabaki 2.

Kuhusu saa yenyewe: zima ile alama yake ya asubuhi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa waliokuja kliniki wakihangaikia namba za usingizi za vifaa vyao mpaka kuhangaika kwenyewe kukawafukuzia usingizi. Wewe umeshafika mlango huo, maana umeandika unaitazama kabla hujanawa uso. Itazame Jumamosi tu, mara moja, na uitazame kwa wiki nzima. Na usimpe mtu neno la siri la programu hiyo, si mwajiri wala shemeji. Kumbukumbu za usingizi na mapigo yako huhifadhiwa na kampuni ya mbali, na hujui kesho zitatazamwa na nani. Kwa daktari, karatasi inatosha.

Anayesoma hapa na hana saa, asione kwamba ameachwa. Kwenye tiba iliyobuniwa na mwanasaikolojia Ellen Frank na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, kwa wenye ugonjwa wa hisia mbili (bipolar, mtu anapopanda kwa kuchangamka kupita kiasi na kushuka kwa sonona), mgonjwa huandika saa za mambo matano kila siku: ametoka kitandani saa ngapi, ameongea na mtu wa kwanza saa ngapi, ameanza kazi au shughuli saa ngapi, amekula chakula cha jioni saa ngapi, ameingia kitandani saa ngapi. Mistari mitano ya daftari la mtoto. Tazama hilo la pili, la mtu wa kwanza kuongea naye. Saa janja haiwezi kulipima.

Yapo mawili ambayo hayangoji wiki mbili. Ukiona unalala masaa matatu na bado unaamka na nguvu tele, maneno yanakutoka kwa kasi, hatua zimeongezeka maradufu, pesa zinatoka bila hesabu, usishangilie kwamba umepona. Dawa ya sonona inaweza kumrusha mtu upande wa pili, na hiyo ni ya kumwona daktari kesho yake. La pili ni lile swali la tisa la dodoso, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hukuniambia ulilijibuje, nami nakuuliza kama ndugu. Kama mawazo hayo yapo, mwambie mtu mmoja leo, mumeo au dada yako, dawa azitunze yeye, na mwende hospitali leoleo. Wala usimfiche daktari kwa aibu, tumeyasikia mara nyingi na hatumhukumu mtu.

Kuhusu yule daktari wa kliniki, alikosea kucheka, na pole kwa hilo. Lakini namjua alivyo, foleni imefika mlangoni, mgonjwa anamfungulia simu yenye michoro ya rangi, naye ana dakika kumi. Usimpelekee simu. Chukua karatasi moja, andika kwa mkono safu nne: saa ya kuingia kitandani, saa ya kuinuka, hatua, moyo. Siku 28. Zungushia Jumapili na Jumatatu kwa wino mwekundu, kama unavyosahihisha. Kisha, kabla hajakuuliza unaendeleaje, mwambie hivi: "Daktari, nimetoka 17 nimefika 11, lakini nimesikia lengo ni chini ya 5. Kilichobaki ni usingizi na mwisho wa wiki. Hiki ndicho nilichojaribu, na haya ndiyo yaliyotokea. Tubadilishe dawa, tuongeze kipimo, au niende kwa mnasihi?" Hapo umemletea swali analoweza kulijibu ndani ya dakika zake kumi.

Mumeo aje naye siku hiyo. Na baada ya hizo wiki nne, niandikie tena. Nataka kujua Jumatatu zako zimekuwaje.